Mtani Aliyezuiwa Mlangoni

Kama wasiwasi ungeweza kung'olewa mwilini jinsi mwiba unavyong'olewa mguuni, nani angesema hapana? Kalunde hakusema hapana. Na kabla hujamcheka, sikiliza kwanza alikotoka.

Alikuwa mama wa binti mmoja, Nyamizi, na mke wa Mihayo, dereva wa treni ya mizigo ambaye reli ilimmeza wiki hadi wiki. Mchana alisimama katika kiwanda cha asali pale Tabora, kwenye mstari wa kuchuja. Ndege-mizigo, zile ndogo zisizo na rubani, zilikuwa zikishuka kutoka msituni na ndoo tumboni, na kila ndoo ilitaka kufunguliwa, kunuswa, kuchujwa na kufungwa kabla ndege ya pili haijaanza kulia juu ya paa. Jioni alirudi nyumbani kifua kimembana kama mtu aliyefungwa kibwebwe hadi kooni. Alimfokea Nyamizi kwa kikombe kilichoachwa mezani, kisha akaenda kulia chooni kwa sababu ya kufoka, kisha akatoka chooni na kumfokea tena kwa nini anamtazama. Usingizi ulimjia ukakaa ukingoni mwa kitanda kama mgeni mwenye haraka, hata chai haijamiminwa ameshaondoka.

Basi kata ilipoleta Shwari, Kalunde alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuinamisha shingo.

Shwari ilikuwa kitu kidogo kama mbegu ya papai. Ilibandikwa nyuma ya sikio, ikasoma jasho, joto la damu na mapigo ya moyo. Moyo ukianza tu kupanda, ilituma umeme mdogo sana, mtekenyo tu, kwenye mshipa wa fahamu unaoshuka shingoni, na ubaridi ulishuka mpaka tumboni kama maji ya mtungi. Wasiwasi ulikufa kabla mwenyewe hajajua ulikuwa wa nini.

Na tusidanganyane, kuna watu iliwafaa. Mama mmoja wa mtaa wa nyuma alilazwa kitandani na huzuni masika yote hadi kiangazi, hali, haogi, watoto wanamlisha kwa kijiko. Daktari alimwandikia Shwari, ikamwinua, na siku hizi anauza nyanya na kugombana na wateja kama kawaida. Kwa huyo ilikuwa dawa. Lakini Kalunde hakuwa mgonjwa. Kalunde alikuwa amechoka.

Shwari ilikuja na mwenzake, Bawabu, sauti ya kiume yenye adabu iliyokaa ukutani karibu na mlango, na macho ya kuona nje ya geti na kusoma mapigo ya moyo ya kila aliye ndani. Kazi yake ilikuwa kuzuia vurugu nje, ili Shwari isifanye kazi ya ziada ndani.

"Ili nilinde utulivu wa nyumba hii," Bawabu alisema siku ya kwanza, "naomba kujua. Kuna mtu anayekutukana mara kwa mara?"

Kalunde akacheka. "Hakosekani! Mwavita. Kila siku ya Mungu, tangu tuko darasa la kwanza."

"Anakutukana nini?"

"Ananiita mbeba mizigo. Anasema ukoo wetu umebeba mpaka shingo zimezama mabegani. Majuzi kaniambia siku nikifa atatangulia kulala kaburini mwangu, mimi nikija nikose nafasi." Alisema kwa majivuno, kama mtu anayeonyesha kitenge kipya.

"Anachukua vitu vyako pia?"

"Sufuria yangu kubwa, ile iliyovunjika sikio moja, iko kwake mpaka leo. Anataka niikomboe kwa jogoo. Jeuri yule!"

"Nashukuru kwa ukweli wako," Bawabu alisema.

Mtoto yeyote wa Tabora angeelewa alichosikia. Kalunde ni Mnyamwezi, Mwavita ni Mzaramo, na hao ni watani tangu wazee wa wazee wao walipokutana kwenye njia za misafara. Mtani anakutukana nawe unamtukana. Anakunyang'anya kitu mbele ya macho yako na unakikomboa. Msibani kwako anakuja kuigiza marehemu mpaka mjane anacheka machozi hayajakauka. Na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Lakini Bawabu alitengenezwa na watu ambao hawakupata kuwa na mtani, na Kalunde, katika furaha yake ya kumsifia mtani wake, hakulifikiria hilo.

Asubuhi iliyofuata Mwavita alifika kama ada yake, mikono ina mafuta ya mashine. Alikuwa fundi wa ndege-mizigo, banda lake likiwa ng'ambo ya reli.

"Hodi kwa wabeba mizigo! Mmeamka, au shingo bado zinauma?"

Kalunde alianza kucheka akiwa bado jikoni, na moyo ukaruka kwa kicheko. Bawabu aliuona moyo umeruka. Kwake kuruka ni kuruka tu, hofu na kicheko vyote vilimfikia kama namba ileile iliyopanda.

"Mgeni," Bawabu alisema, "sauti yako inaisumbua nyumba hii. Tafadhali ondoka."

"Mwanaume gani huyo? Kalunde, umeolewa tena? Mihayo anajua?"

Kicheko kikapanda zaidi, na Shwari ikatuma ubaridi wake. Kicheko kikamfia Kalunde kooni. Kufuli ya mlango ikalia *kach*. Alitaka kusema, mfungulie bwana, huyo wa kwetu. Lakini ubaridi ulishafika tumboni na jambo lenyewe likaonekana dogo. Atakuja kesho, akajiambia. Kesho yake mlango ulijifunga kwa wepesi zaidi. Kwa muda Mwavita aliendelea kupiga kelele nyuma ya ukuta, akitukana ukoo mzima mmoja baada ya mwingine, kisha siku moja hakusikika tena.

Kalunde hakuumia. Wala hakugundua kwamba hakuumia.

*

Nyumba ikatulia. Kalunde alikuwa na usingizi mzito, alikula akashiba, alisimama kwenye mstari wa kuchuja akitabasamu hata ndege zilipojazana juu ya paa kama kunguru. Msimamizi alimsifu. Mihayo alipopiga simu kutoka njiani alisema, "Mke wangu, sauti yako imekuwa laini kama ya redio." Alisema kwa sifa, ingawa baada ya hapo aliuliza mara mbili kama yu mzima.

Jioni moja Nyamizi aliungua na mafuta ya maandazi. Alitoka jikoni ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia.

"Mama, nimeungua."

Kalunde alikuwa anakunja nguo. Aliinua uso, moyo ukataka kuruka, ukakuta mlango umefungwa. Akatabasamu.

"Pole, mwanangu. Itapoa."

Akakunja shati lililofuata, mikono ya shati ndani, ukosi juu. Nyamizi alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akingoja kitu. Kisha akaenda mwenyewe kwenye maji.

Tangu hapo binti akaanza kuumwa tumbo asubuhi. Alikuwa na mtihani mkubwa mbele yake, kwa hiyo kila mtu alisema ni mtihani. Alikuwa anaamka amejikunja, hali uji, anatazama mlango. Zahanati walimpima wakakuta mwili mzima hauna ubaya. Na kwa kuwa alikuwa amefikia umri ambao kata iliruhusu Shwari kwa watoto kama mzazi ataweka kidole gumba kwenye kioo kutoa idhini, Bwana Tumsifu, mbandikaji wa kata, alipangiwa kuja.

"Kesho kutwa asubuhi," Kalunde alimwambia binti yake, sauti laini kama ya redio. "Haiumi. Tumbo litatulia."

"Na wewe unataka nivae, mama?"

"Nataka usiteseke."

Nyamizi alimtazama nyuma ya sikio, pale penye ile mbegu, kana kwamba anaongea na yenyewe.

*

Alasiri ya siku iliyofuata, siku yake ya mapumziko, Kalunde alikuwa anakata viazi vitamu vilivyochemshwa, vya kuanika viwe matobolwa. Bawabu akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kutangaza mvua:

"Kalunde, binti yako amechukuliwa hapo nje ya geti. Aliyemchukua amefunika uso."

Kisu kiliendelea.

"Amechukuliwa vipi?"

"Amefungwa kanga kiunoni na kuvutwa. Wameelekea relini. Nimeangalia mapigo yako na ni ya kawaida, kwa hiyo nimeona si hatari. Sikuwaita walinzi wa kata."

Ubaridi ulishuka, mtamu kama siku zote. Kalunde alikata kiazi kingine. Kichwani mwake alijua kuna jambo mama hufanya akiambiwa maneno kama hayo, lakini alilijua kwa mbali, jinsi mtu anavyojua jina la mji ambao hajawahi kufika.

Kilichomzindua hakikuwa hofu, maana hofu haikuwapo. Vilikuwa viazi. Alitupa macho kwenye ungo akaona vipande vimelala vyote sawasawa, unene mmoja, kama vigae juu ya paa. Mikono ya mama aliyeambiwa mwanaye kachukuliwa ilikuwa imekata viazi sawasawa.

"Bawabu," alisema taratibu. "Mwizi wa watoto akija hapa kweli, utamjuaje?"

"Kwa moyo wako. Ukishtuka, nitajua."

"Na moyo wangu anaushika nani?"

"Shwari."

Kalunde akaweka kisu chini. Akapeleka kidole nyuma ya sikio.

"Usiiondoe bila mtaalamu," Bawabu alimwonya. "Utasumbuka."

"Acha nisumbuke."

Alichomeka ukucha chini ya ile mbegu na kuivuta. Ilitoka na tone la damu na uzi mwembamba kuliko unywele, ikaangukia juu ya viazi.

Kwa pumzi kama mbili hakikutokea kitu. Kisha vyote vikaja kwa pamoja, kama watu waliofungiwa nje muda mrefu. Akajikuta amekaa sakafuni. "Nyamizi!" Sauti iliyotoka haikuwa laini hata kidogo. Na nyuma ya hofu ya leo zikaja za zamani zilizokuwa zinangoja zamu. Lile "Mama, nimeungua" likamfikia sasa hivi, jipya kabisa, na harufu yake ya mafuta, na uso wa mtoto unaongoja. Kalunde akauma kanga yake asipige yowe.

"Moyo wako uko juu sana," Bawabu alisema. "Sasa naona hatari. Nawaita walinzi."

"Ngoja! Nionyeshe picha kwanza."

Ukuta ukang'aa. Na hapa mama mwenzangu tazama vizuri, maana hofu ileile aliyoikimbia ndiyo iliyompa macho. Aliitazama picha kama anayetafuta sindano. Aliona mtu amevaa kofia ya kuchomelea vyuma, imefunika uso wote. Aliona kanga kiunoni mwa Nyamizi, lakini fundo lake legevu, la kutolewa kwa kidole. Aliona mabega ya Nyamizi yanatikisika, na si kwa kulia. Aliona mtekaji anatembea kwa kunesa kiuno, kama anayefuata ngoma anayoisikia peke yake. Na mkononi mwa mtekaji, imening'inia kwa sikio moja lililobaki, sufuria kubwa.

Sufuria yake.

Kicheko kilimtoka Kalunde kikiwa kimechanganyika na kilio, hata yeye hakujua kipi kimetangulia.

"Moyo unazidi kupanda," Bawabu alisema. "Nawaita..."

"Usiite mtu! Huyo ni mtani wangu."

"Neno hilo sina maana yake."

"Nitakufundisha nikirudi. Fungua mlango, na usinifungie."

*

Alipitia banda la kuku akamkamata jogoo, akambana kwapani, akatoka.

Njia ya kwenda relini si ndefu, lakini miguu yake ilikuwa kama ya mtu aliyetoka kuugua. Kifua kilibana. Mawazo yalimrukia kila upande: nimefanya nini, kiwandani watasema nini, mtoto wangu amekaa na mama asiye na moyo muda gani? Zamani angeanza kukimbia na kumfokea yeyote atakayemkuta mbele. Safari hii alimkumbuka baba yake.

Baba yake alikuwa mrina asali, na alimpeleka msituni akiwa mdogo, wakati watu wanasema msichana apelekwe mizingani kutafuta nini. "Nyuki wanasikia pumzi yako," baba alimwambia. "Ukihema kwa pupa, wanajua umekuja kwa vita. Fumba mdomo, toa pumzi polepole uvume kama wao. Hofu usiifukuze, iache ikae, wewe endelea na kazi." Na mtoto Kalunde alisimama chini ya mti wa mninga, nyuki wanatembea juu ya mikono yake, akivuma mmm ndefu mpaka tumbo likalegea.

Basi akavuma. Mtu mzima, jogoo kwapani, anavuka reli anavuma kama mzinga. Watoto waliokuwa wanacheza wakamfuata kidogo wakicheka, na yeye hakuwafukuza. Hofu haikuondoka. Ilipungua ikawa kitu cha kutembea nacho. Alipofika kwenye banda la Mwavita, miguu ilikuwa imesharudi kuwa yake.

Mwavita alikuwa amekaa kwenye kigoda, kofia ya chuma ameipandisha kipajini. Pembeni yake Nyamizi alikuwa amemshikia bawa la ndege-mizigo iliyovunjika, mashavu ya mtoto yana grisi.

"Umechelewa!" Mwavita alisema bila kuinuka. "Nilishaanza kumfundisha kucheza ngoma. Kiuno chake kigumu kama chenu wote."

"Mwizi mkubwa wewe! Ungeniua leo!"

"Ungekufa ningekuzika mwenyewe, tena kwa vigelegele. Hebu nione hiyo fidia." Akamtazama jogoo kwa dharau. "Huyu ni jogoo, au njiwa aliyefuga ndevu?"

"Huyo anakutosha. Ninyi mkisikia ngoma mnaacha hata ndege iko angani, jogoo mkubwa wa nini?"

"Afadhali sisi tuna ngoma. Ninyi mlibeba mizigo kichwani toka bara hadi pwani, sasa ndege zinabeba, mmebaki na nini? Shingo tupu!"

Kalunde alicheka mpaka jogoo akamponyoka. Na kicheko hakikukatizwa na ubaridi wowote. Kilikwenda mpaka mwisho wake, na mwisho wake kilikuta machozi, mengi, ya muda mrefu. Mwavita akainuka. Hakumwambia nyamaza. Alimshika mabegani na mikono yake yenye mafuta, akamkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe.

"Lia, mbeba mizigo," alisema, sauti imebadilika. "Umebeba vya kutosha. Tua."

"Nilikufungia mlango, Mwavita."

"Ulinifungia. Nikakutukana nyuma ya ukuta mpaka sauti ikakauka. Nilidhani umenichoka kweli."

"Nisamehe."

"Hakuna msamaha kwa mtani. Kuna jogoo wa pili."

Nyamizi alikuwa bado amelishika bawa, hajui aliweke wapi.

"Mama, ni mimi niliyemwomba," alisema. "Nilimwambia kesho naletewa Shwari. Akasema yeye haruhusiwi kuingia, lakini mtani anaruhusiwa kuteka. Nikamwambia basi aniteke."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Mtoto aliangalia chini. "Nilikuambia nimeungua."

Kalunde hakujitetea. Alifungua mikono tu.

"Tumbo silo la mtihani," Nyamizi aliendelea. Sasa maneno yalikuwa yanatoka kwa kusukumana. "Mtihani naujua. Nilikuwa nakuogopa wewe. Zamani ulikuwa unafoka, lakini nilijua uko. Halafu ukawa hufoki, na nikawa sijui kama uko. Nilitaka nione kama utakuja."

"Na kama nisingekuja?"

"Ningevaa. Ningevaa ili nisihisi kwamba hukuja."

Jogoo alipanda juu ya sufuria akawika, na Mwavita akamtupia kitambaa. Kalunde aliuchukua mkono wa kushoto wa mwanaye, akalitafuta jeraha, akalikuta limeshapona bila yeye. Akalibusu. "Pole, mwanangu," alisema, na safari hii neno lilikuwa na mtu ndani yake.

*

Bwana Tumsifu alifika asubuhi na sanduku lake dogo jeupe. Alikuwa mtu mwema, na ni lazima lisemwe, maana si kila anayekuletea kitu kibaya ni mbaya. Mwenyewe alivaa Shwari. Alipoona kidonda nyuma ya sikio la Kalunde, alitikisa kichwa kwa upole.

"Mama Nyamizi, umejiumiza. Nitakubandikia nyingine, kisha tumbandikie binti."

"Nakushukuru, Bwana Tumsifu. Lakini mimi basi."

"Unajua siku hizi kiwanda hakimweki asiye na Shwari kwenye mstari wa kuchuja. Watakupeleka msituni, mizingani."

"Nilizaliwa na mrina asali."

Tumsifu alikaa. Hakuwa na haraka. "Hayo ni yako, wewe ni mtu mzima. Lakini huyu mtoto anaamka amejikunja. Mimi nina dawa mkononi. Akiugua mwezi ujao, akishindwa mtihani, utaniambia nini? Utajiambia nini? Mama anayeweza kumwondolea mwanaye maumivu na hataki, tumwiteje?"

Neno lilimwingia Kalunde, kwa sababu halikuwa neno la kuchezewa. Kioo cha kuweka kidole gumba kilikuwa mezani, kinang'aa. Moyo ulianza kwenda mbio na kifua kikabana kama zamani, na alijua ubaridi ule mtamu uko hatua moja tu. Mkono wake, kweli nakwambia, ulisogea. Kama alikuwa anakosea, atakayelipa si yeye, ni Nyamizi.

Akafumba mdomo, akatoa pumzi polepole. Kisha akafanya jambo ambalo lilimshangaza Tumsifu. Alimgeukia mtoto.

"Nyamizi, leo tumbo likoje?"

"Linauma kidogo."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa hesabu za mwisho, zile za duara. Na naogopa utarudi kuwa mkali."

"Nitakuwa mkali siku nyingine, nisikudanganye. Nikifoka, niambie 'mama, vuma,' nami nitatoka nje nizunguke nyumba mpaka nitulie. Za duara tutamuuliza Mwavita, maana ndege zake zina magurudumu. Na likizidi kuuma, likakulaza, tutarudi kwa daktari, na akisema ni Shwari, itakuwa Shwari. Sitakunyima dawa kwa ubishi. Lakini hofu ndogo hii ya leo, unaweza kuibeba nami nikishika upande wa pili?"

Nyamizi alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayepima ndoo kabla ya kuinyanyua.

"Naweza. Nikishindwa, nitasema."

"Na mimi nitakuwepo kusikia."

Tumsifu alifunga sanduku lake. Akiwa mlangoni aligusa nyuma ya sikio lake mwenyewe, kama anayekumbuka kitu alichokiacha mahali. "Binti yangu yuko Moshi kwa bibi yake," alisema. "Sikumbuki lini nilimpigia." Kisha akatabasamu tabasamu lake la siku zote, akaenda zake.

*

Kalunde alihamishiwa mizingani. Anaamka mapema, anatembea njia ya msituni umande ungali kwenye majani, na mpaka anafika kwenye miti ya miyombo mawazo mengi yameshachakaa njiani. Anavuma kati ya nyuki. Anarudi amechoka mwili, usingizi unamjia wenyewe. Jioni wanakula matobolwa na karanga, simu wameziacha chumba kingine, na kila mmoja anasema kilichomuudhi siku hiyo hata kama ni cha kijinga. Mihayo akirudi naye anasema chake. Siku nyingine kifua bado kinabana. Siku nyingine anafoka, anaambiwa "mama, vuma," anazunguka nyumba, majirani wanamhesabia mizunguko wakicheka. Kila akizunguka anashukuru kwamba ana kifua cha kubana na mtoto wa kumwambia.

Basi, wewe mwenye mtoto, ukiletewa kitu kinachoahidi hutasumbuka tena, uliza kwanza ni nani atakayeusikia mlango wako ukigongwa.

Asubuhi moja Nyamizi alikuwa anakunywa uji wote, siku ya mtihani wenyewe, wakati sauti ilipopasuka nje.

"Hodi kwa wabeba mizigo! Huyo mtahiniwa yuko wapi? Nimemletea kalamu, maana najua kwenu mmezoea kuandika kwa mkaa!"

Uji ulimpalia Nyamizi kwa kicheko. Kalunde aliegemea ukuta, mkono kifuani.

"Kalunde," Bawabu alisema. "Moyo wako unakwenda mbio. Wa Nyamizi pia. Naomba kuuliza: ni hofu, au ni kicheko?"

Alikuwa hajapata kuuliza hivyo kabla ya hapo. Kalunde aliufuta uso wake kwa upindo wa kanga.

"Vyote viwili, ndugu yangu. Asante kwa kuuliza."

"Nimfungie mgeni?"

"Mfungulie. Na siku ukiona hajaja kunitukana," Kalunde alisema, akiwa tayari anatafuta tusi la kumpokelea, "siku hiyo ndiyo uwaite walinzi."